Kuomba Jua kwa Shangazi

Siku tatu kabla ya harusi yangu mama alinituma
Leitrim, kwa shangazi Attracta, dada wa baba,
nikaazime jua.

Huku ukitaka siku kavu unamtoa nje
Mtoto Yesu wa Praha, plasta tupu, taji na joho jekundu,
unamsimamisha chini ya ua usiku wa kuamkia harusi
akasemezane na mawingu.
Wetu ni mmoja kwa ukoo mzima.
Amekaa kwa shangazi tangu bibi afariki,
na mama hajakanyaga kwa shangazi
mwaka wa kumi na tisa huu.

Sababu ni lango. Lango la chuma, lenye kutu,
na kinjia cha ng'ombe, upana wa trekta moja.
Ndugu wakigombana, walisema wahenga,
chukua jembe ukalime.
Hawakusema ulime wapi
iwapo shamba lenyewe ndilo ugomvi.

Barabara ilikuwa nyembamba kama shukrani ya shingo upande,
nyasi zimeota katikati,
michongoma ikikwaruza vioo kulia na kushoto.
Kila dereva tuliyempisha aliinua kidole kimoja juu ya usukani.
Rhodri, mchumba wangu, mtoto wa mjini Swansea,
akauliza mbona kondoo wamepakwa buluu mgongoni.
Nikamwambia: ili wajulikane ni wa kwa nani.
Akacheka.
Mimi nilikuwa nalitafuta lango.

Tukapitia jikoni. Mlango wa mbele
hufunguliwa padri akija, au jeneza likitoka.
Moto wa mboji ulikuwa ukifuka, harufu yake
ikanishika nywele kabla mtu hajanishika mkono.
Mjomba Malachy alinisalimu kwa sikio lake zima.
Wakaingia kina Nuala, kina Cathal, na mtoto mwenye mafua,
na jirani aliyekuja kurudisha ngazi na hakuondoka.
Tulikataa keki mara mbili, ya tatu tukala.
Chai nyeusi kama kinamasi walikochimba kuni zao za udongo.
Rhodri aliulizwa baba yake ni nani,
na baba wa baba yake,
na kama Wales nako kunanyesha.

Shangazi hakumuuliza mama.
Aliuliza habari za paa letu. Za kuku.
Aliuliza kama yule daktari wa magoti
bado yuko Sligo.
Alimzunguka mama
kama mtu azungukavyo, gizani, shimo analolijua.

Kisha akapanda ngazi, akarudi na Mtoto kifuani.
Shingoni palikuwa na mstari wa gundi, mnene, wa manjano.
"Akikatika kichwa mwenyewe ndipo anapofaa," akasema.
"Alikatika usiku wa kuamkia harusi ya mama yako.
Mimi ndiye niliyemtoa nje. Nilijikwaa langoni."
Jiko zima likanyamaza, hata yule wa mafua.
"Na kesho yake?" Rhodri akauliza.
"Kesho yake? Jua la kupasua mawe."

Alimviringisha katika kitambaa cha vyombo, cha mistari ya kijani,
akamfunga kwa uzi wa marobota ya nyasi.
"Mwambie," akaanza.
Tulingoja.
"Mwambie asimweke karibu na moto. Gundi italainika."

Tulirudi chini ya mvua, Rhodri amempakata,
mkanda wa gari umewabana wote wawili.

Mama alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha,
mikono ina unga.
"Alisema nini?"
Nikamwambia: usimweke karibu na moto.
Akafungua uzi. Mtoto akamweka kando, kwenye friji,
bila hata kumtazama shingo.
Kitambaa ndicho alichokishika.
Akakinyoosha mezani, akafuata mstari kwa kidole
mpaka kwenye kona iliyoungua zamani.

"Hiki," akasema, "ni changu."